Picha za Kupamba Zipite Njia Gani?

Jamaa wa bibi harusi wametapakaa Mombasa, Unguja, Maskati na London. Picha za usiku wa kupamba ziko tayari, na wanawake waliomo wamevua mabuibui. Zitawafikiaje wanaohusika bila kumfikia asiyehusika? Swali hili limetia ufa katika nyumba nyingi za pwani, na mimi naliona zito kuliko linavyochukuliwa. Wanaojibizana hapa ni wanne, na hakuna hata mmoja ambaye hoja yake ni ya kupuuzwa.

SHANGAZI: Mimi naanza kwa kukataa. Usiku wa kupamba ni wa wanawake. Bibi harusi amekaa jukwaani na hina yake na dhahabu yake, wageni wamevua mabuibui, nywele wazi, mikono wazi, na kila aliyeingia aliingia akijua kwamba ndani hamna mwanamume. Simu tulizikusanya mlangoni, kila moja tukaitia namba, na aliyekataa kuitoa yake alirudi kwao. Sasa mnataka kuwapandisha mtandaoni watu wale wale tuliowanyang'anya simu? Tulizikusanyia nini?

BINAMU ALIYE MASKATI: Shangazi, tulizikusanya ili watu wasipige picha ovyo. Hatukuzikusanya ili sisi tulio mbali tusiione harusi ya ndugu yetu. Mimi sikupata ruhusa kazini. Mama yangu daktari amemkataza safari ndefu. Mpiga picha aliajiriwa kwa sababu yetu sisi. Kama picha ni za kukaa kabatini, pesa zile zingeongezwa kwenye mahari.

SHANGAZI: Mtaziona mkija.

BINAMU ALIYE MASKATI: Wengine hawaji tena, Shangazi. Wako jamaa waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya 1964 wakaja huku Oman. Wajukuu wao wanawajua binamu zao wa Mombasa kwa picha tu. Na angalia albamu ya babu: wanaume wamejaa, kuanzia bandarini mpaka msikitini. Mama zetu wako wapi? Tukiendelea kuficha kila kitu, miaka 50 ijayo itaonekana kana kwamba katika ukoo huu hawakuzaliwa wanawake.

MPIGA PICHA: Hapo nakuunga mkono, dada, lakini kwa sharti. Wanawake wa mji huu walikwenda studio tangu enzi za mpiga picha N. V. Parekh hapa Mombasa. Picha zao zikatiwa ndani ya bahasha, bahasha ikaingia sandukuni. Walimwamini mtu mmoja mwenye negativu. Leo mnataka waamini simu 60. Mimi hupiga shughuli za wanawake pekee, msaidizi wangu naye ni mwanamke, na anayezihariri ni mwanamke. Mnyororo huo nimeulinda mpaka hapa. Nikishazikabidhi, nyinyi ndio mtakaouendeleza au kuukata.

BINAMU ALIYE MASKATI: Basi tusizunguke. Tufungue kundi la WhatsApp la wanawake watupu. Kila mtu anayo, hata bibi. Ujumbe wake umefungwa kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016, kampuni yenyewe haiusomi. Kundi moja linabeba hadi watu 1,024, na sisi hatufiki hata robo.

MPIGA PICHA: Picha ni 800 na zaidi, kila moja karibu MB 8. WhatsApp ikizituma kwa njia ya kawaida inazibana. Fundi wa hina alikaa saa nne na mikono ya bibi harusi, akachora vijani vyembamba kama uzi. Zikibanwa, mistari ile inaungana ikawa doa la kahawia. Hilo ndilo nililolipwa nilionyeshe.

KAKA WA BIBI HARUSI: Tangu 2023 kuna chaguo la kutuma kwa ubora wa HD. Na kama hilo halitoshi, zitume kama dokumenti. Haibanwi kabisa, na faili moja inaruhusiwa kufika GB 2.

MPIGA PICHA: Dokumenti haibani, lakini pia haifuti chochote. Picha inayotoka kwenye simu hubeba tarehe, saa, na kama huduma ya mahali imewashwa, inabeba na mahali penyewe mpaka hatua chache za mlango. Ukiituma kama picha ya kawaida, WhatsApp inayaondoa maelezo hayo. Ukiituma kama dokumenti, yanakwenda nayo. Kamera yangu haina GPS, lakini usiku wa hina nyumbani ulipigwa kwa simu ya mdogo wenu. Kwenye picha zile sanduku la dhahabu liko wazi juu ya kitanda. Mtakuwa mmewatumia watu dhahabu, na ramani ya kuifikia.

SHANGAZI: Mnasikia?

KAKA WA BIBI HARUSI: Maelezo hayo yanafutika kabla ya kutuma. Ni kazi ya dakika kumi.

SHANGAZI: Ni kazi ya dakika kumi kwa anayejua kuwa yapo. Halafu tuje kwenye hilo kundi lenu la wanawake watupu. Simu ya mwanamke hukaa mkononi mwa nani? Mjukuu wa kiume ndiye anayemwekea nyanya yake bando, ndiye anayemfutia picha simu ikijaa. Mume anaomba simu atume pesa. Fungua galari ya mama yeyote hapa mtaani: risiti ya ada, ukurasa wa kazi ya shule ya mtoto, kisha mke wa jirani na nywele zake mpaka kiunoni. Hakuna aliyeiba kitu. Picha ilifika kwenye kundi ikajipanga galari yenyewe.

KAKA WA BIBI HARUSI: Kujihifadhi huko galari kunazimwa kwenye mipangilio. Ila shangazi yuko sawa kwamba mpaka kuzimwe, picha hujipanga galari yenyewe. Na kuna jingine zito zaidi: nakala ya akiba. Simu za Android huipeleka Google Drive, na nakala ile haina kufuli lile la simu kwa simu mpaka mwenyewe aliwashe. Chaguo hilo limekuwepo tangu 2021. Waulizeni wangapi kwenye ukoo huu wameligusa. Yaani picha inasafiri ndani ya sanduku la chuma, ikifika inaachwa barazani.

BINAMU ALIYE MASKATI: Basi tutume za kutazama mara moja. Haihifadhiki, haitumwi mbele, na simu inakataa skrinishoti.

MPIGA PICHA: Simu ya pili haikatai. Mtu anaielekeza kwenye kioo cha ya kwanza, basi. Na wewe uliyekuwa ukilia kuhusu miaka 50 ijayo, utamwachia nani picha iliyotazamwa mara moja?

BINAMU ALIYE MASKATI: Sawa, hilo nimelikubali. Kuna albamu za pamoja za iPhone, bure. Zinachukua picha 5,000 na watu 100.

KAKA WA BIBI HARUSI: Kwa wenye iPhone. Humu wenye Tecno ni wengi kuliko nyinyi wa Maskati. Na nazo hupunguza picha mpaka pikseli 2,048 upande mrefu. Hina ya fundi itaumia tena.

BINAMU ALIYE MASKATI: Google Photos basi. Imo tayari karibu kila simu ya Android. Tunatengeneza albamu moja, tunatuma kiungo kimoja, mama yangu anabonyeza, anaona. Mnasahau kwamba njia ngumu ni sawa na kukataa. Mnajenga ngome halafu wazee ndio mnaowaacha nje.

MPIGA PICHA: Kiungo ndicho ninachokiogopa kuliko vyote, na nitawaambia kwa nini. Harusi moja niliyopiga, familia ilitengeneza albamu ya kiungo. Mpambe mmoja wa bibi harusi alitaka kuwaonyesha wenzake sare ilivyokaa, akakibandika kiungo kwenye kundi walilokuwa wakiagizia sare. Ndani ya kundi lile alikuwemo fundi cherehani, mwanamume. Akaonyesha wateja wake kazi yake, maskini, kwa fahari kabisa. Hata mmoja hakukusudia ubaya. Kiungo hakiulizi wewe nani. Anayekishika ndiye mgeni.

KAKA WA BIBI HARUSI: Unaweza kukizima kiungo ukaalika watu kwa akaunti zao, mmoja mmoja.

MPIGA PICHA: Unaweza. Swali ni nani aliyewahi kukizima. Na ukizima baada ya wiki mbili, aliyekwisha kuzihifadhi kwake anazo.

KAKA WA BIBI HARUSI: Na nafasi ya bure ni GB 15 tu, pamoja na barua pepe zako zote. Ile hifadhi isiyo na kikomo iliisha tarehe 1 Juni 2021. Mimi nina wazo jingine. Nyumbani nina kompyuta inayokaa bure. Nitaisimika Nextcloud, iwe seva yetu wenyewe. Hakuna kampuni, hakuna Amerika, hakuna matangazo. Kila anayeingia ana paswadi yake, na kiungo kina tarehe ya kufa.

SHANGAZI: Na funguo za hiyo kompyuta anazo nani?

KAKA WA BIBI HARUSI: Mimi. Mimi ndiye admini.

SHANGAZI: Admini anaweza kuziona?

KAKA WA BIBI HARUSI: Kwa kawaida, ndiyo. Lakini sitazifungua, Shangazi. Unanijua.

SHANGAZI: Nakujua, baba, na sikushuku. Bibi harusi ni dada yako, wewe ni maharimu wake. Wale wanawake 200 waliokuwa ukumbini ni nani wako? Sisemi kwamba utafungua. Nasema hawakukupa. Mwanamke aliyevua buibui lake mlangoni hakuvua kwa kuamini tabia yako, alivua kwa kujua kwamba hukuwamo.

BINAMU ALIYE MASKATI: Na umeme ukikatika Mombasa, sisi huku tunatazama skrini nyeupe.

KAKA WA BIBI HARUSI: Basi sikilizeni hili la mwisho, maana linajibu hoja ya shangazi yenyewe. Ziko huduma ambazo picha inasimbwa ndani ya simu kabla haijaondoka. Kwenye seva inafika takataka isiyosomeka, na ufunguo unabaki kwa mwenye albamu na aliowaalika. Ente ni mojawapo. Programu yake iko wazi, mafundi wa nje wanaweza kuikagua. Inatoa GB 10 bure, na anayehesabiwa nafasi ni mwenye albamu tu, wageni hawalipi. Picha 800 za MB 8 ni kama GB 6 na nusu. Zinaingia, na ubora wake haupungui. Mimi nitawasimikia, lakini ufunguo utakuwa kwa mwanamke. Nikitaka kuona, sitaona.

SHANGAZI: Hata ukitaka?

KAKA WA BIBI HARUSI: Hata nikitaka. Na hata mwenye seva akitaka.

SHANGAZI: Hilo ndilo jambo la kwanza la maana nililolisikia leo.

BINAMU ALIYE MASKATI: La maana kwa nani? Mama yangu kwenye simu anajua vitu viwili, WhatsApp na kutafuta kaswida YouTube. Nani atamfundisha programu mpya, afungue akaunti, asubiri namba ya kuthibitisha barua pepe ambayo hata hajui kama anayo?

KAKA WA BIBI HARUSI: Kwa mama kama huyo kuna kiungo chenye paswadi. Unakiwekea siku ya mwisho, unakataza kupakua, na unasema kifunguke kwenye idadi fulani ya simu tu. Anabonyeza, anaandika neno, anaona. Siyo ngome.

MPIGA PICHA: Tuseme ukweli wote. Skrinishoti haizuiliki hata hapo. Mfumo wowote unaishia kwenye macho ya aliyealikwa. Ndiyo maana mimi naona mmeanza mwisho. Mnauliza zipite wapi kabla ya kuuliza zipite zipi.

BINAMU ALIYE MASKATI: Zote. Familia imelipia zote.

MPIGA PICHA: Familia imelipia kazi yangu, haijanunua sura za wageni. Na kwangu hili ni suala la riziki. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Kamishna wake ameshaonyesha kwamba hafanyi mzaha. Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kupandisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Siku hizo hizo shule moja ikatozwa 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziruhusu. Mimi nina leseni, nina mkataba, nina risiti. Mgeni mmoja akilalamika, siwezi kumwambia kamishna kwamba shangazi alisema sawa.

KAKA WA BIBI HARUSI: Sheria hiyo hiyo inayaacha nje mambo ya mtu binafsi na ya nyumbani.

MPIGA PICHA: Ya kwenu, ndiyo. Yangu ni biashara.

(Kwa msomaji: mzizi wa sheria hii ni Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010, inayolinda faragha ya kila mtu. Upande wa Tanzania sheria ya taarifa binafsi ilitungwa 2022 ikaanza kutumika Mei 2023. Wapiga picha wengi wa harusi wa pande zote mbili bado wanafanya kazi kana kwamba hazipo.)

SHANGAZI: Faini ni mambo ya Nairobi. Mimi namfikiria mke aliyeolewa mwaka jana, mume mkali, mavyaa mkali zaidi. Picha yake ikizuka kwenye simu ya shemeji, atasimama na kifungu cha sheria? Aibu itakuwa imeshalala kwake kabla kamishna hajaamka.

BINAMU ALIYE MASKATI: Shangazi, kwa heshima yako, hapo ndipo tunapojiangamiza. Aibu ni ya aliyetuma, siyo ya aliyeonekana. Kila tunaposema "mwanamke ataaibika" tunamsafishia njia mwanamume aliyepekua simu ya mkewe. Tumfundishe yeye kuona haya. Siyo sisi tuzidi kujifunika mpaka ndani ya picha zetu wenyewe.

SHANGAZI: Mfundishe, mwanangu. Mimi nitakushika mkono. Lakini utamfundisha miaka, na picha inafika sekunde moja. Yule mke nitamlindaje wiki hii?

BINAMU ALIYE MASKATI: Kwa kumuuliza. Siyo kwa kumwamulia.

MPIGA PICHA: Hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Aulizwe. Ninao mpangilio wa meza na orodha ya walioalikwa. Za bibi harusi peke yake na za mama zake ni karibu 150, hizo tuna idhini yao. Zilizobaki nitazitenganisha kwa sura zilizomo. Anayekubali, anaingia kwenye albamu. Anayekataa, au asiyepatikana, picha yake haipandi. Siyo kumfifiza uso, maana nguo yake na dada aliyekaa naye vitamtaja. Haipandi kabisa.

BINAMU ALIYE MASKATI: Tutapoteza nusu. Yule mama aliyecheza chakacha mpaka ukumbi ukasimama, akikataa, jambo zuri kuliko yote usiku ule hatutaliona.

SHANGAZI: Wale waliokuwepo waliliona.

BINAMU ALIYE MASKATI: Ndiyo kusema sisi tulio mbali ni wa daraja la pili.

SHANGAZI: Mko mbali, mwanangu. Hilo sikulifanya mimi, na simu haiwezi kuliondoa lote. Sikilizeni nikate shauri, maana mama wa bibi harusi ameniachia mimi. WhatsApp itumike kwa picha za nikaha msikitini na za bwana harusi na wazee, hizo hazina neno. Za kupamba ziende kwenye hiyo albamu iliyosimbwa. Kijana ataisimika, kisha atoke. Na ufunguo nitampa huyu wa Maskati.

BINAMU ALIYE MASKATI: Mimi?

SHANGAZI: Wewe uliyezitaka kuliko wote. Ufunguo una kazi yake: wewe ndiwe utakayewapigia wageni, mmoja mmoja, kwa jina lake, umwambie picha yake itaonwa na nani na mpaka lini, umsubiri ajibu kwa kinywa chake. Asiseme mumewe wala binti yake. Ukisikia anasitasita, hesabu amekataa.

BINAMU ALIYE MASKATI: Ni wengi, Shangazi.

SHANGAZI: Ulikuwa tayari kuwapandisha wote kwa kubonyeza mara moja. Wapigie.

BINAMU ALIYE MASKATI: Nitawapigia. Lakini sijaridhika, na liandikwe kwamba sijaridhika. Atakayekataa kwa hofu ya mume nitakuwa nimemsikia akikataa kwa sauti ya mumewe.

SHANGAZI: Huenda. Hata hivyo ni yeye atakayelala katika nyumba ile, siyo wewe. Na albamu ifungwe kabla Ramadhani haijaandama. Mzee asiye na simu atachapishiwa kitabu, akae nacho.

KAKA WA BIBI HARUSI: Na zilizobaki kwenye kamera?

MPIGA PICHA: Kadi na kompyuta yangu nitazifuta siku 30 baada ya kitabu kukabidhiwa, mbele ya mmoja wenu wa kike, na nitatia sahihi. Sitazitumia kujitangazia hata kwa kuonyesha mikono ya hina tu. Nyinyi mmeyajadili haya picha zikiwa zimeshapigwa, ndiyo maana mtapiga simu mpaka mchoke. Wenye harusi zijazo, yaandikeni kwenye mkataba kabla ya kulipa arbuni: nani atapigwa, nani ataona, na lini vitafutwa. Na kwenye kadi ya mwaliko pawe na mstari mmoja kwa mgeni, ajibu ndiyo au hapana kabla hajafika mlangoni.